Kwa Nini Sikumpiga Kaka Yako Mguuni

Nyumbani kwa Baba Mkubwa,
Nyuma ya karakana ya vyuma.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa sita.

Mpendwa mwanangu Kidoti,

Anayekusalimu ni mzee wa miaka sabini na tisa, aliyemzika baba yako, akamzika mama yako, akamzika mke wake mwenyewe, mbwa kumi na mmoja wa kuwindia, na madaktari wawili waliomkataza chumvi. Bado nipo. Meno ninayo tisa na yote yako kazini.

Hujambo mwanangu? Mumeo, mkwe wangu, hajambo? Wale mapacha wamekuwa wakubwa? Lile goti lako lililokuwa linakusumbua ukipanda ngazi za kazini, limepoa? Sisi huku salama, isipokuwa mbavu zangu tatu ambazo ndiyo kwanza zinaunga. Nikicheka zinauma, kwa hiyo nimepiga marufuku mizaha humu ndani. Mwandiko wangu usiulaumu. Nilisoma madarasa matatu tu, na la tatu nililimaliza kwa kubembeleza.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mwenyewe, sikumpa mtu anisomee, nikaanza asubuhi nikamaliza jua likiwa kichwani. Umeandika kwamba nilimwelekezea kaka yako bunduki kama nguruwe. Kwamba nilimvunja pua kwa kitako cha bunduki. Kwamba mtu aliyekaa na bunduki miaka hamsini lazima siku moja ataitafutia kazi. Umeandika kwamba ile karatasi ya hospitali hutaitia saini. Na chini kabisa, pale unapoandikaga "mwanao", safari hii hukuandika kitu. Hapo nilirudia mara nne nikidhani miwani imenidanganya.

Sasa tega sikio. Daktari anasema kaka yako anaweza kutoka mwisho wa mwezi huu. Anataka nyumba ya ndugu wa kumpokea, na saini mbili za ndugu. Ndugu waliobaki ni mimi na wewe. Yangu nimeshaiweka, kubwa, imejaza mstari. Ya pili ikikosekana watampeleka kule kwenye nyumba ya wagonjwa wa kudumu, mwendo wa siku mbili kwa basi, na mimi katika kuishi kwangu kote sijamwona aliyekwenda kule akarudi. Kwa hiyo sikuandikii kujitetea. Kujitetea sijazoea, hata mama yangu alishindwa. Nakuandikia ujue ilivyokuwa, kisha uamue.

Umeandika kwamba watu wa bunduki wanapenda damu. Mwanangu, mimi nimewinda tangu sijaota ndevu. Damu nyingi ni aibu ya mwindaji, maana yake umepiga ovyo. Nguruwe mwitu niliokuwa nawapiga mimi walikuwa wanaanguka na muhindi wa watu bado mdomoni. Wakulima walikuwa wananifuata hapa mlangoni wenyewe, wananiita fundi. Nimeangusha zaidi ya mia mbili, na walioteseka kabla ya kufa ni watatu. Mmoja katika hao watatu nitakusimulia mbele, maana yeye ndiye jibu la swali lako.

Ukaandika tena kwamba uwanja wa shabaha ni kijiwe cha wahuni. Aliyekwambia hivyo hajawahi kufika. Pale ni kimya kama chumba cha mtihani. Bingwa wa mwaka juzi ni mkunga, mama wa watoto wanne, miwani yake minene kama kitako cha chupa. Alinishinda kwa alama mbili, siku ambayo upepo ulikuwa unavuma upande wangu peke yangu. Kazi yote pale ni kupumua na kusubiri. Msimamizi wetu ni sajini mstaafu, na ukimwelekezea mtu mtutu, hata kwa utani, hata kama bunduki tupu, anakufukuza palepale. Aliwahi kumfukuza hakimu. Kanuni zake mbili za kwanza anatuimbisha kama watoto: usielekeze mtutu kwenye kitu usichokusudia kukiua, na ujue kilichoko nyuma ya shabaha yako. Zishike hizo mbili.

Na silali na bunduki chini ya mto. Chini ya mto kuna soksi. Bunduki inakaa kwenye kabati la chuma, na kabati lile alilitengeneza kaka yako kwa mikono yake. Bati nene, bawaba za ndani, huoni hata mahali pa kuingiza ukucha. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Cheche, hakuna aliyejua kuchomelea chuma kama yeye. Kabati lina kufuli mbili. Sajini ana sharti lake kwamba mwanachama akipita miaka sabini, ufunguo wa pili ushikwe na ndugu. Mimi nilikataa miezi minane. Nilimwambia sajini mimi si mtoto. Akaniambia ndiyo, mtoto ningemwamini. Basi ufunguo wa pili akaushika kaka yako, akauvaa shingoni kwa kamba.

Tukawa na desturi yetu. Kila Jumamosi asubuhi nasimama mlangoni pa karakana, nanyoosha mkono, ananipa ufunguo. Nikirudi uwanjani nasafisha bunduki, naifungia, namrudishia. Hapo ananiuliza habari za risasi, "Ngapi zimeenda?" Najibu. "Ngapi zimelia?" Najibu. Hesabu ikilingana anavaa ufunguo wake, anashusha barakoa yake ya kuchomelea, anaendelea na kazi. Miaka tisa hivyo. Siku hesabu isipolingana, ananyoosha mkono na hashushi mpaka nimwambie iliyobaki iko wapi. Hata kama mteja anasubiri. Mbishi kama mimi, unajua alikoutoa.

Sasa kosa langu, maana ninalo, ila si lile uliloandika wewe. Kaka yako hakulala wiki tatu. Alikuwa ananiambia Bawaba, mwenzake wa karakana yule mtengeneza milango, anamsema ndani ya mabomba. Akitoboa bomba anasikia sauti ya Bawaba inamcheka. Mimi nikamwambia, "Kunywa maziwa, mwanangu, ulale." Maziwa! Mimi ninayeangalia unyayo kwenye tope nikakwambia mnyama huyu anachechemea mguu gani na amepita saa ngapi, nilikaa na mwanangu meza moja nikamwona macho mekundu, mikono inatetemeka, nikasema ni moshi wa kuchomelea. Na ufunguo wa bunduki ukabaki shingoni mwake muda wote huo. Angetaka ule wa kwanza, unaning'inia kwenye msumari jikoni. Hakuuchukua. Hilo nalo likumbuke.

Jumamosi ile aliponipa ufunguo hakuniangalia. Nikaenda zangu. Mvua ikatukatiza, kati ya risasi ishirini nikarudi na moja. Saa sita hivi nimekaa mezani, bunduki mbele yangu, kitambaa mkononi, ile moja imesimama karibu na kikombe. Mara akaingia Mama Cherehani, fundi nguo wa mlango unaotazamana na karakana. Pekupeku, futi ya kupimia shingoni, pini bado kazibana mdomoni. Akazitema sakafuni.

"Mzee! Cheche anaua mtu! Chukua hiyo bunduki, anaua mtu!"

Nikaichukua. Nikatia ile moja. Kutoka mezani kwangu mpaka karakana ni hatua thelathini na mbili, na mguu wangu mbovu siku ile sikuukumbuka.

Sitakuficha nilichokiona, maana wewe ni mtu mzima na Bawaba anastahili yasemwe. Alikuwa chini kati ya meza na mlango ambao hajaumaliza. Taya lilikuwa limehamia upande. Sikio la kushoto lilikuwa linashikwa na ngozi. Mkono aliojikingia ulikuwa na mahali pa kukunjika ambapo Mungu hakuweka kiungo, na mfupa unaonekana, mweupe. Kaka yako alikuwa na kipande cha nondo, urefu wa mkono wangu, akinyanyua na kushusha, akinyanyua na kushusha, kama mtu anayetwanga na hana haraka. Kila akishusha anasema, "Nyamaza. Nyamaza." Na Bawaba alikuwa ameshanyamaza zamani. Nondo ikipiga sakafu inalia. Ikimpiga mtu hailii. Mlio huo usiolia ndio ninaousikia mpaka leo.

Nje wamejaa watu. Hakuna anayeingia, ila wote wanajua kazi yangu kunizidi.

"Mzee, mpige mguu!"

"Mpige mkono aachie chuma!"

"Si unajisifu bingwa wewe? Ipige hiyo nondo imtoke!"

"Bingwa wa makaratasi huyo!"

Nawe kwenye barua umeuliza vilevile, kwa nini kama ilibidi nimwelekezee sikulenga mguu. Basi ngoja nikueleze habari ya mguu, maana watu wameona picha za uongo mpaka wanadhani bunduki ni kalamu.

Nilikuwa na mwenzangu wa kuwinda, tulimwita Ndevu. Baba yako alimjua, walikuwa wanagombania uwanja wa bao. Siku moja nikampiga nguruwe dume mguu wa nyuma. Sikukusudia, aligeuka. Yule mnyama alikuja kwa miguu mitatu kasi kuliko angekuja kwa minne. Akanipita mimi, akamkuta Ndevu anatia risasi, akamfungua kuanzia gotini mpaka kwenye mkanda. Pembe ile ya mdomoni inakata kama wembe wa kinyozi. Niliingiza ngumi yangu nzima kwenye paja la Ndevu kuziba mshipa, nao ukawa unanipiga ndani ya kiganja, unanipiga, unanipiga, halafu unanipiga kidogo. Alikufa akiniuliza kama nguruwe tumempata. Nilimwambia ndiyo. Hatukuwa tumempata. Nilimfuata kwa matone siku nzima peke yangu nikammalizia, kwa sababu uliyemjeruhi ni wako, humwachii mtu mwingine akutane naye. Hiyo ndiyo kanuni ya porini, na hao wasemao tunaua kwa raha waje waifuate siku moja kwenye miiba.

Kwa hiyo, Kidoti, mguuni si mahali pa huruma. Mguuni kuna mshipa unaomaliza mtu kabla hujasema pole. Na asipokufa, anakuja. Mkono unaopanda na kushuka hata mkunga wetu hawezi kuupiga. Mimi, na nalisema hili mara moja tu na usilirudie kwa watu, siwezi. Hakuna awezaye. Bunduki inajua kazi moja. Ukimnyooshea mtu, unanyoosha kifo, hakuna kifo kidogo.

Sasa naandika jambo ambalo sijamwambia polisi wala sajini.

Niliinyanyua. Ni kweli nilimwelekezea, aliyekwambia hilo hakusema uongo. Sikuinyanyua kumtisha. Kaka yako alikuwa amevaa lile koti la kazi la bluu, na kifungo cha tatu ni cheupe, kwa sababu nilikishona mimi na sikuwa na cha bluu. Nikachagua kifungo hicho. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikaizuia, kama ninavyofanya kila Jumamosi. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Mwanangu, nilikuwa nakwenda kumuua mtoto wa mdogo wangu, na mkono wangu haukutetemeka.

Watu wananiambia, mzee, ni damu ilikuzuia. Uongo. Kilichonizuia ni mitungi. Nyuma ya kile kifungo, nyuma ya mgongo wake, mitungi miwili ya gesi imesimama pamoja na ule mrefu wa oksijeni. Risasi yangu ingepita kwake ikaenda kule, na karakana, na Mama Cherehani, na watu wote wale wenye midomo wangepanda juu. Jua kilichoko nyuma ya shabaha yako. Ni kanuni ya sajini iliyonizuia. Mapenzi yalikuja baadaye, niliposhusha mtutu. Ningeweza kukuandikia vinginevyo, ukanipenda zaidi. Lakini umeniuliza.

Nikafungua komeo la bunduki, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, nikaitoa ile moja, nikaitia mfuko wa shati. Komeo lenyewe nikalichomoa, nikalitia mfuko wa suruali. Bunduki nikampa aliye karibu, na aliye karibu ni Mama Cherehani.

"Shika."

"Mimi? Sishiki! Italia yenyewe hiyo!"

"Haina kitu, mama. Sasa hivi ni gongo."

"Hata gongo lako sitaki!"

Nikamwekea mikononi. Akaishika kwa mikono iliyonyooka, kama mtu aliyebebeshwa nyoka. Kila mtu ninayemjua anaamini bunduki ina akili yake, ikiamka vibaya inapiga mtu. Shika neno hilo pia.

Nikaingia. Sikuwa na kitu. Nikasema, sauti ileile ya kila Jumamosi, "Cheche. Nimekuja kurudisha ufunguo."

Nondo ikabaki hewani. Akanitazama. Yale hayakuwa macho yake, lakini alinijua.

"Baba Mkubwa toka. Na wewe wamekutuma."

"Hakuna aliyenituma. Nimemaliza kusafisha. Ufunguo huu hapa."

Nikanyoosha mkono, ufunguo unaning'inia kwenye kamba yake. Damu ya Bawaba ilikuwa inakuja taratibu sakafuni imefika kwenye kiatu changu. Kaka yako akahema, akahema, halafu akaniuliza kama siku zote.

"Ngapi zimeenda?"

"Ishirini."

"Ngapi zimelia?"

"Kumi na tisa."

Akahesabu, niliona midomo inakwenda. Nondo ikashuka mpaka gotini. Akaachia mkono mmoja akanyoosha kiganja.

"Moja iko wapi?"

Ilikuwa mfukoni, juu ya moyo wangu, na ilikuwa ya kwake. Sikumjibu. Nikamrukia.

Nilimdanganya kwa desturi yetu, na hilo linaniuma kuliko mbavu. Lakini sikumrukia kizee! Nilimpiga kichwa cha usoni, na pua ikavunjika, nikaisikia. Kwa hiyo futa hiyo habari ya kitako cha bunduki, ni paji la uso wangu mwenyewe, kovu ninalo. Akaning'ata bega akaondoka na kipande cha shati na nyama kidogo. Akanipiga nondo ya mgongo, ila tulikuwa tumekaribiana mno, haikupata nafasi. Tukaanguka juu ya vyuma chakavu. Nikamkaba mkono kwa goti mpaka vidole vikafunguka, nondo ikabingirika. Nguvu zake zilikuwa za watu watatu. Nilikaa juu yake kwa uzito tu, kilo tisini na mbili, ndiyo siku moja maishani tumbo langu limenisaidia. Alikuwa analia. Alikuwa anasema, "Wanyamazishe, Baba Mkubwa."

Sasa wale wa nje wakapata ushujaa. Nondo imeanguka, wakaingia. Wawili wakambeba Bawaba wakamtoa, Mungu awabariki. Waliobaki walikuja na walichookota: vyuma, mateke, mmoja ana nyundo. Walitaka kummaliza kaka yako palepale sakafuni. Nikamlalia. Nilimfunika kichwa kwa kichwa changu na kumfungia mikono yangu masikioni. Mbavu zangu, Kidoti, hazikuvunjwa na kaka yako. Zilivunjwa na majirani waliokuwa wanatafuta kichwa chake. Nilihesabu mateke mpaka kumi na saba, halafu hesabu ikaniishia. Nilimwona mwenye nyundo akiinua, nikamjua, namkata nywele mwanawe bure kila mwezi.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke.

"Tokeni! Tokeni au nawamwaga wote!"

Mama Cherehani amesimama mlangoni. Bunduki ameiweka begani, bega baya, jicho baya, mtutu unazunguka kwa kila mtu kama feni. Bunduki haina risasi. Bunduki haina hata komeo, mtu mwenye akili angeona shimo. Lakini hakuna aliyeangalia shimo. Walimwangalia kama anavyoangaliwa mtu mwenye bunduki. Nyundo ikaanguka. Walitoka kwa dirisha, walitoka chini ya mlango wa kukunja, mmoja alimpita mwenzake kwa kumkanyaga mgongo. Karakanani tukabaki sisi watatu. Na mimi, mbavu zimevunjika, damu mdomoni, nilisema nini?

"Mama! Usimwelekezee mtu mtutu!"

Akanijibu, "Mzee, nyamaza, nitakumwaga na wewe."

Ndiyo hivyo. Miaka hamsini nimewaeleza watu wa mtaa huu kwamba bunduki tupu ni chuma na mbao tu. Namshukuru Mungu hakuna hata mmoja aliyenisikiliza.

Ukweli wako basi ni huu: bunduki ilielekezwa mara mbili siku ile. Mara ya kwanza na mimi, ikiwa na risasi, kwa mwanangu. Mara ya pili na fundi nguo, tupu, kwa ajili yake. Haikulia hata mara moja.

Bawaba yuko hai. Taya wamelifunga kwa waya, anakunywa kwa mrija, mkono umetiwa chuma. Nilikwenda kumsalimia. Akaniandikia kwenye karatasi: "Alikuwa rafiki yangu." Halafu akakata neno "alikuwa", akaandika "ni". Daktari wa kaka yako, huko hospitali alikolazwa tangu siku ile, anasema zile sauti ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, una vidonge vyake, akivimeza na kulala na kuangaliwa, atafanya kazi tena. Kuangalia naweza. Nimewahi kukaa siku mbili juu ya mti nikiangalia njia moja.

Bunduki siiuzi, wala siitupi, usinibembeleze. Lakini humu ndani haimo tena. Wanaume wanne walilibeba kabati na bunduki ndani yake, wakalipeleka kwenye ghala la uwanja, sajini amelipigilia ukutani. Ufunguo wa kwanza ninao. Wa pili nimeufunga kwenye kitambaa ndani ya bahasha hii, na kamba yake nimeifua ila haikutakata yote. Sasa ndugu mwenye ufunguo wa pili ni wewe. Bila wewe haifunguki, hata nikitaka kufyatulia karatasi tu. Ukipenda, uje nao siku moja unione ninavyopiga. Ukipenda, uutupe baharini. Sitauliza. Ila saini, mwanangu, saini iweke. Yeye asilipie jambo ambalo ni ugonjwa wake, na kutokuona kwangu.

Nisalimie mumeo, nisalimie mapacha, waambie babu yao amepigana akiwa na miaka sabini na tisa na hakuanguka chini, ni aliyekuwa chini yake ndiye aliyeanguka. Nisalimie na yule wifi yako mpole anayekaa nanyi. Mama Cherehani anakusalimu, anasema gauni lako la harusi bado ana vipimo vyake na hadhani vinafaa tena. Mungu alinde goti lako na ngazi zako, awape usingizi nyote humo ndani, usingizi ndio mali.

Wako akupendaye hata ukininyima wino wa kuandika "mwanao",

Baba Mkubwa

Wa kuthibitisha niliyoyaandika hawa hapa. Mama Cherehani, alikuwepo mwanzo mpaka mwisho. Sajini, aliipokea bunduki na komeo, na risasi moja ambayo haikulia. Bawaba, ukimpa karatasi. Daktari, kuhusu mbavu, kwamba ni alama za viatu. Na kaka yako mwenyewe. Alhamisi nilikwenda kumwona, amekonda, ametulia, kalala usiku nne mfululizo. Tulikaa kwenye benchi. Akanyoosha kiganja akaniambia, "Hukunijibu, Baba Mkubwa. Moja iko wapi?" Nikamwambia ilikokuwa, na ilikuwa ya nani. Akafikiri. Kisha akaniuliza imelia? Nikasema hapana. Akashusha mkono. Muulize yeye.